Kanyaga, Shikilia

Pedali imezama chini ya mguu wangu
kama kidole kwenye mkate wa kumimina
uliotolewa jikoni kabla ya wakati.
Pikapu ya mwaka tisini na tatu, bluu iliyochujuka,
na barabara ya Duluth inayotoka kwa Bi Lempi Kangas
haiteremki, inaanguka,
mitaa kumi na miwili moja kwa moja mpaka ziwani,
na ziwa, Novemba hii, lina rangi ya bati
wala halina haraka na mtu.

"Breki zipo," aliniambia, "ila zimekuwa laini."
Laini. Neno la kusifia kitambaa.
Breki laini, nikamwambia, ni kama askari mpole:
utampenda mpaka usiku wa mwizi.

Kwanza kinachoonekana.
Kikopo cha mafuta ya breki kimejaa hadi mstarini,
ila mafuta yenyewe meusi, chai ya rangi iliyolala.
Nikatandika boksi, nikalala chali kwenye zege,
nikalifuata bomba kwa kidole kutoka mbele hadi nyuma.
Chumvi ya barabarani imelitafuna miaka thelathini,
kutu inabanduka kama magamba ya sato,
lakini kidole kimetoka kikavu.
Nikavua dramu za nyuma: vumbi.
Hakuna tone.

Basi ni upepo, nikasema.
Fundi akikosa tone husingizia upepo.

Bi Lempi akapanda kwenye kiti cha dereva
na mabuti yake ya theluji, miaka sabini na minne,
mimi chini na spana ndogo, kipande cha mpira, chupa iliyokatwa.
Kanyaga.
"Nimekanyaga."
Shikilia.
"Nimeshikilia."
Nafungua, nafunga. Achia.
Gereji niliyofundwa, Msamvu, "kanyaga twende"
ilikuwa salamu ya kila dereva.
Hapa tunakanyaga ili tusiende,
tairi la mbali kwanza, kisha la karibu yake,
mapovu mawili, matatu, kisha mafuta safi,
kisha mikono yangu sikuihisi tena.

Pedali ikapanda. Ikakaza.
Kwa dakika moja nilikuwa bingwa.

Halafu nikamwambia: sasa usipampu.
Weka mguu tu, uache hapo, tuhesabu.
Yeye akahesabu kwa Kifini cha mama yake,
mimi kwa Kiswahili, kila mmoja na namba zake,
na tulipofika sita,
bila sauti,
pedali ikaanza kushuka
kama mtu anayesinzia kikaoni.

Hapo ugonjwa ukajitaja.
Masta silinda. Mipira yake ya ndani imechoka,
mafuta yanapenya kando ya pistoni
yanarudi yalikotoka,
kikopo kinabaki kimejaa, sakafu kavu,
na nguvu ya mguu haifiki popote.
Inavuja, nikamwambia, ila inajivujia.

Hakujibu. Mguu bado juu ya pedali,
pedali bado inashuka.
"Waino alikuwa anakanyaga mara mbili," akasema,
"kila tukifika kichwa cha mteremko.
Mara mbili, haraka haraka.
Nilidhani anafuata redio."
Tangu lini?
"Tangu mwaka ule alipoacha kula chumvi."
Nikaendelea kuifuta spana
ambayo ilikuwa safi tayari.

Kipuri ni dola sitini na kitu, kitafika Alhamisi.
Nimeweka gogo mbele ya kila tairi
na ufunguo nimeutia mfukoni, maana namjua.
Ndani akanikatia mkate wa kwao, wa iliki,
unanukia sebule ya shangazi yangu siku ya Idi,
na kahawa chungu ya kuamsha maiti.
Redio ilikuwa imezimwa.
Chini ya meza nikasikia kisigino chake
kikigonga sakafu, mara mbili.

Nikauliza kama kuna sukari.